Barabara Iliyoheshimiwa Mno

Nchi ya Maridhia haipo kwenye ramani yoyote, na waliowahi kuishi huko wameomba isitafutwe. Ni nchi ya amani. Wananchi wake wana kila kitu isipokuwa vile ambavyo bado vinashughulikiwa, na serikali yake ni sikivu mno, kiasi kwamba ikishasikia jambo mara moja haioni haja ya kulisikia tena.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Siwatu Machenje, mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu. Watu walimwita Dokta, na kwa sababu hiyo jirani zake walimgongea mlango kila walipoumwa na matumbo. Udaktari wake haukuwa wa matumbo. Alisomea hesabu za mwendo wa magari: namna yanavyojazana, yanavyosubiriana, na namna dereva mmoja akikanyaga breki huku mbele kwa kumhofia kuku, dereva mwingine kule nyuma kabisa anavyosimama bila kujua kama duniani kuna kuku. Siwatu aliyapenda mambo hayo kama wengine wapendavyo taarabu. Serikali haikuwahi kumuuliza neno, maana katika Maridhia foleni haikuwa tatizo. Kamati ya wataalamu ilikwisha kutamka kuwa foleni ni dalili ya ustawi, kwani nchi maskini haina hata magari ya kusimama.

Mumewe, Kondo, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Hospitali yenyewe iko Ng'ambo, na mji ule umekatwa na mto, watu wanalala upande huu na kufanya kazi upande ule. Njia za kwenda Ng'ambo zilikuwa mbili. Njia ya juu ilianza na daraja jembamba, kisha ikafuata barabara pana ya mlimani. Njia ya chini ilianza na barabara pana ya bondeni, ambayo nayo ilivuka mto, kisha ikaishia kwenye mzunguko mwembamba. Kila njia ilikuwa na koo lake moja la kukabwa, basi watu wakajigawa wenyewe, hawa juu, hawa chini, na wote wakafika, wakilalamika kwa kiasi.

Ndipo Mlezi Mkuu wa Taifa, kwa mapenzi aliyonayo kwa watu wake, akawajengea barabara mpya katikati. Ilitoka mwisho wa daraja ikashuka moja kwa moja hadi kwenye mzunguko. Ilikuwa fupi, laini, nyeusi kama wanja, na ikaitwa Barabara ya Shukrani. Siku ya uzinduzi mkasi ulibebwa na kanali, utepe ukabebwa na brigedia, na Mlezi Mkuu akatamka kuwa kuanzia siku hiyo neno kuchelewa litabaki katika kamusi tu.

Kesho yake mji ulisimama. Redio ilieleza kuwa wananchi wameipenda barabara mpya kupita kiasi.

*

Siku moja Kondo alirudi nyumbani jua likiwa bado juu, akaketi kibarazani bila kuvua viatu. Siwatu akamletea maji ya kunywa.

"Baba Mwaka, kulikoni?" Mwaka ni binti yao, aliyeolewa mkoani.

"Nilimbeba fundi Ngwali, yule wa cherehani pale sokoni. Moyo." Kondo alishika bilauri bila kunywa. "Tumekaa barabara mpya mpaka akaanza kunitajia nguo alizokata na hajazishona. Gauni la nani, suruali ya nani, kiuno kiasi gani. Ananiambia, Kondo, usisahau, yule bwana mguu mmoja ni mfupi."

"Mkafika?"

"Gari lilifika," alisema Kondo. "Yeye hakufika."

Siwatu aliingia ndani, akajifungia na hesabu zake. Jibu lilipotoka hakuliamini, akapiga upya kwa njia nyingine, likatoka lile lile. Akarudi kibarazani.

"Wakiifunga barabara mpya, kila mtu atawahi."

"Mama Mwaka, sina nafsi ya utani leo."

"Sikutanii. Zamani watu walijigawa juu na chini. Sasa kila mmoja anaiona njia fupi, anapita darajani, anashuka Shukrani, anatokea mzunguko. Sehemu zote mbili nyembamba wanazipita wote. Barabara pana ya mlimani haina mtu, ya bondeni haina mtu. Kila mmoja peke yake anafanya jambo la akili. Wote kwa pamoja wanafanya ujinga."

Kondo aliweka bilauri chini. "Yaani tumeongezewa njia, tukapunguziwa mwendo?"

"Ndivyo."

"Basi kaliseme hilo kwa Waziri." Alisema hivyo kama mtu anavyosema kamwambie Mungu. Lakini Siwatu alikuwa amekwisha kuingia ndani kutafuta viatu.

*

Waziri wa Mwendo na Msimamo, Mheshimiwa Sifaeli Mapambio, alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Alimsikiliza Siwatu mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, hasa pale ambapo hakuelewa.

"Kwa hiyo, Dokta, magari yapungue?"

"Hapana, Mheshimiwa. Magari yabaki hayo hayo. Tufunge Barabara ya Shukrani tu."

Waziri aliinua macho akaitazama picha ya Mlezi Mkuu ukutani, kama mtu anayehakiki iwapo imesikia. Kisha akashusha sauti.

"Barabara ile haiwezi kuwa na kosa, Dokta. Imekwisha kuzinduliwa."

"Ni hesabu inayosema hivyo, Mheshimiwa."

"Na hesabu hiyo imezinduliwa na nani?"

"Hakuna aliyeizindua."

"Unaona sasa." Alitabasamu kwa huruma. "Basi hesabu ndiyo yenye kosa. Nenda kaisahihishe taratibu. Na ukitoka usibamize mlango, nasikia nchi nyingine wasomi wana tabia hiyo."

Siwatu alisimama. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango, na alijua akitoka pale hatapokewa tena. Akamkumbuka fundi Ngwali na yule bwana wa mguu mfupi. Ndipo mdomo wake ukafunguka, yakatoka maneno ambayo mwenyewe hakujua anayo.

"Kuna jambo jingine linaloniumiza, Mheshimiwa. Barabara ile imebeba shukrani za taifa zima. Lakini kila siku inakanyagwa."

"Inakanyagwa?"

"Malori ya mkaa yanaikanyaga. Mikokoteni ya ng'ombe inaikanyaga. Na ng'ombe, Mheshimiwa, hachagui mahali pa kujisaidia."

Waziri alishika kingo za meza. "Ng'ombe? Juu ya Shukrani?"

"Jana nimeona kwa macho yangu. Kitu cha heshima hakikanyagwi, Mheshimiwa. Kinatunzwa."

Mheshimiwa Mapambio alitoa leso akafuta jicho la kulia, kisha, kwa usawa, la kushoto.

Wiki haikuisha. Shukrani ilifungwa kwa minyororo ya dhahabu, ikapandwa maua pande zote, ikawekewa mlinzi mwenye kofia ya manyoya. Bunge likapitisha Sheria ya Heshima za Barabara: Shukrani ni mnara wa taifa, na hakuna gurudumu litakaloigusa.

*

Mji ukapumua. Watu waligawanyika tena, hawa juu, hawa chini. Wafanyakazi walianza kufika ofisini kabla ya wakubwa wao, jambo lililoleta fedheha katika idara kadhaa hadi ukatolewa waraka wa kuwataka wazunguke kidogo kwanza. Kondo alirudi nyumbani akiwa na mambo ya kusimulia. Wagonjwa wake walifika wakiwa hai, mmoja alifika akamgombeza kwa kwenda mbio.

Siwatu alifurahi kwa muda. Kisha Waziri akaitisha mkutano mkubwa, akautangazia ulimwengu ugunduzi mpya wa Maridhia: kwamba heshima huleta mwendo. Nchi nyingine, alisema, zinahangaika na mataa na madaraja ya juu, kumbe dawa ni adabu. Akamwita Siwatu jukwaani.

"Ndugu wananchi," alianza Siwatu, "kwa kweli barabara ile ilifungwa kwa sababu ilikuwa—"

Bendi ya polisi ikapiga. Watu wakasimama na kushangilia. Waliokuwa karibu walisimulia baadaye kuwa Dokta yule ni mnyenyekevu sana, hapendi kusema.

Kuanzia hapo kila mkubwa akatamani barabara yake. Spika akapata moja, ikafungwa. Jaji Mkuu akapata mbili kwa kuwa alikuwa anakaribia kustaafu. Mkuu wa Itifaki akapewa kipande cha uchochoro, akakizungushia minyororo mwenyewe. Siwatu alikwenda wizarani mbio.

"Mheshimiwa, si kila barabara! Ilikuwa ile moja tu!"

"Dokta, choyo si kizuri," alisema Waziri kwa upole. "Sifa yako umepata. Waachie na wenzako."

Siku hiyo hiyo barabara ya bondeni ilifungwa kwa heshima ya mama mkwe wa Waziri, ambaye aliwahi kuipita mara moja na akaisifia.

Jioni Siwatu alikaa na mumewe kibarazani, kila mmoja akitazama upande wake.

"Nimewafundisha uongo mmoja," alisema Siwatu, "sasa wanaufanyia mazoezi."

"Ungewaambia kweli wangeifanyia nini?"

"Nimeshawaambia. Hawakuifanyia kitu."

"Basi usijilaumu," alisema Kondo. Lakini hakuwa na uso wa mtu asiyelaumu, na Siwatu aliuona.

*

Barabara ya bondeni ilipofungwa, magari yote yalirudi darajani, yakavuka na kupanda mlimani kwa mstari mmoja uliokuwa ukitambaa kama jongoo. Siku ya tatu Kondo alimbeba mama mjamzito ambaye mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mwisho wa daraja mstari ukasimama kabisa. Nyuma ya gari mama yule aliacha kupiga kelele, na Kondo, aliyezoea kelele, akaogopa ule ukimya. Kulia kwake ilikuwepo Shukrani, tupu, imepigwa deki, na maua yake. Mlinzi wa kofia ya manyoya alikuwa amesinzia. Kondo akakata usukani, akaikata minyororo ya dhahabu kwa bampa, akateremka nayo hadi hospitali.

Mama na mtoto walipona. Kondo alikamatwa akiwa bado ameshika mguu mmoja wa machela.

Kesi ilijaza watu. Mwendesha mashtaka alithibitisha kuwa gari la mshtakiwa lina magurudumu manne, na kwamba yote manne yalikuwa yakizunguka. Adhabu ya kuvunjia heshima mnara wa taifa ilikuwa kifungo cha miaka mingi. Siwatu alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Alipoona mumewe ameinamisha kichwa kizimbani kama mtu aliyekwisha kukubali, alisimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa Hakimu, kosa ni langu. Barabara ile haikufungwa kwa heshima. Ilifungwa kwa sababu ilijengwa mahali pabaya, ikaua watu. Niliogopa kusisitiza, nikasingizia ng'ombe."

Hata mapangaboi ya darini yalionekana kupunguza mwendo. Hakimu alikuwa mzee mwembamba aitwaye Tumsifu Kajembe, aliyefika umri ule kwa uangalifu mkubwa. Alimtazama Siwatu, akamtazama karani.

"Maneno ya huyu mama hayajasemwa," alimwambia karani. Karani akayafuta. Kisha Hakimu akaandika kidogo, akasoma hukumu.

"Kisheria, Shukrani si barabara. Ni mnara. Mtu hawezi kuendesha gari kwenye mnara, anaweza tu kuutembelea. Kwa hiyo mshtakiwa hakuendesha. Alikwenda kutoa heshima. Ni kweli aliitoa kwa haraka, lakini sheria haikutaja heshima itolewe kwa mwendo gani. Na kuhusu magurudumu, Mahakama inaona kwamba katika kutoa heshima kila mtu hutumia alichojaliwa. Mshtakiwa yuko huru, na anapongezwa."

Siwatu alilia pale pale. Kondo alipofika kwake alimshika bega, akamwambia, "Umesema, Mama Mwaka. Hata kama wamefuta, mimi nimesikia."

*

Watu wa Maridhia ni wasikivu kama serikali yao. Asubuhi iliyofuata kila dereva aliyetaka kwenda Ng'ambo alikwenda kutoa heshima. Walivuka daraja, wakabandika ua moja juu ya boneti, wakaingia Shukrani. Mlinzi hakuweza kuwazuia, maana nani anazuia ibada? Malori yalitoa heshima. Mikokoteni ilitoa heshima, na ng'ombe pia, kwa namna yao. Kufika saa mbili mzunguko ulikuwa umekabwa, Shukrani imejaa, daraja limejaa, na zaidi ya hapo hakuna aliyethubutu kupiga honi, kwani kupigia honi mnara ni matusi.

Mlezi Mkuu alitoka kwenye roshani ya ikulu, akaona magari hayo yote, kimya, yamepambwa maua, hayasogei.

"Tazameni," aliwaambia wasaidizi wake. "Hawataki kuondoka." Na inasemekana alitokwa na machozi.

Siwatu akaitwa wizarani. Mheshimiwa Mapambio alikuwa aking'aa kama sufuria jipya.

"Dokta, foleni hii imempendeza Mlezi Mkuu. Tunataka idumu mpaka sikukuu ya uhuru, wageni waje waitazame. Wewe ndiye mwenye hesabu zake. Tutengenezee namna isilegee."

Siwatu alimtazama. "Ndani ya foleni hiyo, kule Shukrani, mume wangu yumo, Mheshimiwa, na mgonjwa."

"Safi kabisa. Familia nzima inashiriki."

"Sitaki."

Waziri alilitafuta neno hilo kichwani. Wizara ile ilikuwa na maneno ya kuahirisha, ya kuchelewa, hata ya kushindwa, lakini hilo hakuwahi kulipokea.

"Unaumwa, Dokta?"

"Siumwi. Sitaki."

Akatoka, akabamiza mlango mpaka picha ya ukutani ikaenda upande.

*

Kutoka wizarani aliteremka mlima kwa miguu hadi mwisho wa daraja, pale njia zinapogawanyika, Shukrani ikishuka kulia na barabara ya mlimani ikipanda kushoto, haina hata gari moja. Akasimama katikati ya mdomo wa Shukrani, akanyoosha mikono. Gari la mbele lilikuwa lori la vitunguu.

"Kaka, pita juu," alisema Siwatu.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Juu ni mbali, mama."

"Ni mbali, lakini utafika. Huku ni karibu, na hutafika."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

Dereva alikuna kichwa. Katika maisha yake yote ya barabarani hajawahi kumkuta mtu aliyesimama pale bila kutumwa. Aliyetumwa ana amri, na amri mtu huizunguka. Huyu hakuwa na kitu cha kuzungukwa. Akatema mate, akakata usukani, akapanda. Wa pili alimwona, akamfuata. Wa tatu alibisha, Siwatu akamsihi, akabisha tena, kisha akaona wenzake wanayoyoma mlimani, akaona wivu, naye akapanda.

Ndipo alipotokea koplo mmoja wa usalama barabarani, kijasho kinamtoka.

"Mama, una kibali cha kuongoza magari?"

"Sina."

"Basi uko chini ya ulinzi."

"Sawa, afande."

Koplo akatazama gari lake lililokwama pembeni ya daraja, akatazama msururu. "Tatizo, kituo kiko kule juu Ng'ambo. Kwa hali hii tutafika kesho."

"Nipunguze kwanza?"

Koplo alilitafakari jambo hilo kwa uzito wake. Hakukumbuka sheria inayomkataza mtuhumiwa kusafisha njia ya kwenda kufungwa.

"Punguza. Ila ujue umekamatwa."

Siwatu akaendelea. Koplo alisimama kando kumlinda asitoroke, kisha akaona anachelewa, akatoa filimbi akaanza kumsaidia. Yeye akizuia Shukrani, Siwatu akirusha mikono kuelekeza juu, na taratibu, kama mtu anayetoka usingizini, daraja likaanza kutembea. Njia ilipokuwa nyeupe koplo alipiga simu kituoni kusema analeta mtuhumiwa, akamfungulia Siwatu mlango wa gari, wakaondoka.

Mkuu wa kituo, inspekta mnene mwenye masharubu, aliwapokea mlangoni akiwa na kikombe mkononi.

"Umemkamata wapi huyu?"

"Darajani, afande. Nilipokupigia ndiyo tulikuwa tunatoka."

Inspekta aligusa kikombe kwa mdomo, akashtuka, akakitoa. "Koplo, chai hii nimeimimina uliponipigia. Bado inaniunguza. Kutoka darajani mpaka hapa, leo hii?"

"Njia iko wazi, afande. Yeye ndiye aliyeondoa foleni."

"Foleni gani?" Inspekta alimsogelea, akashusha sauti. "Kule chini kuna foleni, au kuna wananchi wanatoa heshima?"

Koplo akairudisha filimbi mfukoni.

"Na nikipeleka mahakamani kwamba mmefika hapa kabla chai haijapoa, hakimu ataniambia polisi wanabambikia watu kesi." Akamgeukia Siwatu. "Mama, hukukamatwa. Nenda zako nyumbani."

Siwatu akatoka, akasimama nje ya kituo, mikono inamuuma hadi mabegani. Hakujua aende wapi. Kule darajani hakuna aliyebaki, na huenda magari yalikwisha kuanza kuteremka tena Shukrani.

Gari jeupe la hospitali likatokea kwenye kona ya kutoka mzunguko, likaja. Alimwona Kondo waziwazi, shingo ameikunja, macho mbele. Akampungia. Kondo hakumwona. Alikuwa anakwenda mbio mno, na Siwatu akabaki kando ya barabara, mkono juu, anacheka peke yake, huku vumbi likimwingia mdomoni.